Bunge limeahirishwa, mpaka lini?

Kilikuwa kikao cha mwisho cha kamati ya harusi ya binamu yangu. Mahesabu yameshasomwa, deni la ukumbi limeshalipwa, maharusi wenyewe wameshahamia kwao. Mwenyekiti akasimama, akakohoa, akatangaza: "Basi ndugu wajumbe, naahirisha kikao." Shangazi aliyekuwa anakusanya vikombe akamuuliza, "Mwenyekiti, mpaka lini?"

Tulicheka sana. Lakini swali la shangazi ni la kisheria kabisa, na natamani wahariri wetu wangeliuliza kila wanapoandika habari za Bunge. Maana magazetini kila kitu ni kuahirisha, na kisipokuwa kuahirisha basi ni kuvunja.

Ajabu ni kwamba Dodoma wenyewe maneno wanayo. Chukua Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, usome yale ya kwenye mabano. Wabunge wakienda kula mchana, imeandikwa Bunge lilisitishwa hadi jioni. Wakirejea, Bunge lilirudia. Usiku ukiingia, Bunge liliahirishwa hadi kesho yake saa tatu asubuhi. Kusitisha, siku bado mbichi, na aliyesita hajaondoka. Kuahirisha, siku imekwisha, lakini tarehe ya kurudi inajulikana. Na Mkutano mzima wa Bunge ukifikia tamati, Waziri Mkuu hutoa hoja ya kuahirisha, wabunge wakahojiwa. Yaani wanaoahirisha ni wao wenyewe.

Kuvunja ni habari nyingine. Watu wa pwani tunavunja jungu kuelekea Ramadhani, na aliyevunja jungu hategemei kupakua tena kesho mchana. Bunge likivunjwa hakuna tena mbunge, kuna mgombea. Mkono unaovunja si wa wabunge bali wa Rais, tena ibara ya 90 ya Katiba ya Tanzania imemwekea mipaka asivunje anavyojisikia. Wakenya kwenye Katiba yao ya 2010 walikwenda mbali zaidi, wakaiondoa kabisa ile ruhusa ya Rais kulivunja Bunge siku aipendayo. Ndiyo maana Jaji Mkuu David Maraga alipomshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje, Septemba 2020, kwa kushindwa kutunga sheria ya uwakilishi wa jinsia, nchi nzima ilitikisika. Bunge halikuvunjwa.

Tarehe 27 Juni 2025 Rais Samia alilihutubia Bunge la 12 kulifunga. Jioni ile simu yangu ilijaa "Bunge lavunjwa". Lakini alichosema ni kwamba litavunjwa rasmi tarehe 3 Agosti. Katikati hapo kuna zaidi ya mwezi mzima ambao wabunge walikuwa bado wabunge. Neno moja likaufuta.

Nikitaka kumshawishi anayedhani huu ni ubishi wa maneno tu, humpeleka Uingereza, mwaka 2019. Waziri Mkuu Boris Johnson alimshauri Malkia alifungie Bunge kazi kwa wiki tano, hadi 14 Oktoba, huku siku ya kutoka Umoja wa Ulaya ikikaribia. Kwa Kiswahili nililisoma tukio hilohilo likiitwa kuahirisha, kusitisha, kusimamisha na, kwa aliyekuwa na haraka zaidi, kuvunja. Wala halikuwa lolote kati ya hayo. Kuahirisha huamuliwa na Bunge. Hili liliamriwa kutoka nje. Kamati hazikai, mawaziri hawaulizwi maswali, miswada ambayo haijakamilika kwa kawaida hufa. Ila viti vya wabunge vinabaki vyao.

Tarehe 24 Septemba majaji 11 wa Mahakama ya Juu, kwa sauti moja, wakasema amri ile ni batili. Kesho yake Spika John Bercow akarejesha wabunge ukumbini, na kumbukumbu rasmi za tarehe 9 Septemba zikasahihishwa: lile la kufungwa kwa amri likafutwa, pakaandikwa kwamba Bunge liliahirishwa. Hapo ndipo ninapowashika wahariri. Kama habari yako tangu siku ya kwanza ilisema "laahirishwa", siku hiyo utaandika nini? Kwamba kuahirishwa kumefutwa, kukawekwa kuahirishwa?

Mimi kwa jambo lile ningesema kufunga Bunge. Naipenda kwa sababu ina mwenzake: baada ya kufungwa, Malkia au Mfalme huja kulifungua kwa hotuba, na miaka yao ya kibunge huanza upya. Najua wapo watakaonipinga kwamba sisi hulifunga Bunge mwishoni mwa miaka mitano, na msomaji atachanganya. Basi waandike "kufunga kikao cha mwaka", au walete lao, mradi lisiwe lilelile la mapumziko ya chakula cha mchana.

Kamati ya harusi haijakutana tena, na binamu sasa ana watoto wawili. Muhtasari bado unasema imeahirishwa.