Kuza, Mhazini!

Leo asubuhi kosa langu ni moja tu: nimenyoosha mkono kuchukua kitumbua. Kiwiko kikatua kwenye kitufe cha Ctrl, kidole kikabaki kwenye gurudumu la mausi, na fomu niliyokuwa naijaza tangu saa mbili ikasinyaa mpaka ikawa kama stempu iliyodondoka katikati ya uwanja wa mpira. Maandishi yote mchwa. Nikasogeza uso mpaka pua ikaacha alama kwenye kioo. Mke wangu akapita na ndoo yake, akasimama.

"Baba Watoto, unaibusu?"

Sikumjibu. Mtu mzima hajibu kila swali.

Nikashika Ctrl nikagonga alama ya kujumlisha ili nirudi nilikotoka. Kivinjari, ile programu ya kufungulia mtandao, kina vituo vyake kama daladala: asilimia 25, 33, 50, halafu 67. Sitini na saba! Nani alikaa kikao akaipitisha hiyo? Hayo si ukubwa wa maandishi, hayo ni matokeo ya mtoto kwenye Maarifa ya Jamii. Unatoka 67 unapita 75, 80, 90, ndipo ufike 100. Kidole changu kizito, kikapitiliza 100, kikapitiliza 200, kikaenda kugonga ukuta wa 500, na pale palipoandikwa "Jina la Ukoo" pakabaki "Jina la U". Nilipomaliza kurudi kituo kwa kituo, fomu ikaniambia muda wako umekwisha, anza upya.

Na nilichokuwa nakitafuta kwenye hiyo fomu ni kontroli namba. Nchi hii bila kontroli huishi. Ulipe ada, kontroli. Ulipe kiwanja, kontroli. Usome maandishi ya hiyo hiyo fomu ya kontroli, Ctrl.

Sasa najua kuna mjuaji hapo ameshakunja mikono: "Mzee, si ubonyeze Ctrl na sifuri, inarudi 100 papo hapo!" Najua! Naijua hiyo sifuri kuliko nyote mlioko humu. Hiyo sifuri ndiyo iliyonivua nguo mbele ya ukoo mzima.

Mtoto wa kaka yangu anaoa, na mimi ndiye mhazini wa kamati. Sikuomba. Nilichelewa kikao cha kwanza, nikafika nikakuta nimeshachaguliwa. Mpwa wangu wa chuo akanipangia michango kwenye Excel, jina, ahadi, alichotoa, na kwa kuwa macho yangu siku hizi yana msimamo wao, akanifundisha kukuza maandishi. Siku hiyo alikuwa anakula wali wangu huku anachezea simu, kwa hiyo somo lilikuwa fupi. "Mjomba, mambo matatu tu. Ctrl na kujumlisha, inakuwa kubwa. Ctrl na kutoa, inakuwa ndogo. Ctrl na sifuri, inarudi kawaida. Kila mahali ni hivyo hivyo." Kila mahali! Shikeni hayo maneno.

Jumapili saa kumi tuko baa, kila mtu na soda yake aliyojilipia. Mwenye baa katuzimia mpira, tukachomeka laptopu kwenye televisheni yake kubwa, na wanywaji wa meza za jirani wakatugeuzia macho ya uadui. Mwenyekiti alikuwa ametoka kutuhutubia robo saa juu ya watu wanaoahidi halafu hawatimizi. Akakaa, akajifuta jasho. "Mheshimiwa mhazini, tusomee."

Nikabofya namba ya mstari wa kwanza ili mstari mzima ushike rangi nisije nikaruka. Watu 64 kwenye televisheni, wote mchwa. Sauti ikatoka nyuma: "Kuza, mhazini!" Nikasema hili dogo. Nikashika Ctrl, nikazungusha gurudumu la mausi, na hapo niwe mkweli, ilikua. Ila gurudumu lenyewe lilikuwa na ulaini wa ajabu. Nilikusudia kidogo, likaenda hadi 400, ambako Excel yenyewe husema basi, zaidi ya hapa siendi. Katika watu 64 yakabaki majina matano, kila herufi kama tofali. Na jina la juu kabisa, lile lenye rangi, lilikuwa la Mwenyekiti. Ahadi: 200,000. Alichotoa: 0.

Hiyo sifuri ilikuwa na upana wa sufuria. Mtu aliyepita barabarani na bodaboda aliisoma.

Kimya. Hata mezani kwa wanywaji kimya, wamesahau mpira. Mwenyekiti ananitazama mimi, hatazami televisheni. Nikaona heshima ya mtu mzima iko mikononi mwangu, nipunguze haraka. Ctrl na kutoa.

Mwenyekiti akatoweka.

Mstari mzima, jina, ahadi, sifuri yake, hakuna. Na maandishi hayajapungua hata nukta, bado tofali, ila sasa jina la juu ni la shemeji yangu, ametoa 150,000, zote kwa mkupuo. Nikajua nimegonga vibaya, nikagonga tena. Shemeji naye kaenda. Yeye yupo pale, amesimama, soda mkononi, anajitazama akifutwa.

"Shemeji, nimekukosea nini?"

Nikagonga mara ya tatu kwa hofu tu, sikuwa hata na nia. Akaondoka mama mdogo wa Morogoro. Kwa kuwa hakuwepo, hakuna aliyemtetea.

Hapo zogo. Huyu anasema mhazini anamficha Mwenyekiti, yule anasema hapana, anafuta waliotoa ili ale. Nikiwa katikati ya moto nikakumbuka jambo la tatu la mpwa wangu. Sifuri! Inarudisha kawaida. Nikainua mkono, nikawaambia watulie, nikatoa hata tabasamu la mtaalamu. Ctrl na sifuri.

Jamani. Safu zote zikapotea. Hakuna majina, hakuna ahadi, hakuna michango, televisheni nzima kijivu kitupu kama sakafu ya saruji. Milioni 6 na laki 4 za harusi ya watu, kijivu. Mama mkwe mtarajiwa akashika kichwa. Mtu akasema, "Ndiyo maana alikuja na gari." Gari lenyewe la kuazima!

Aliyeniokoa ni dada mhudumu, sinia la chupa tupu mkono mmoja. "Samahani, baba." Akainama, akabonyeza Ctrl na Z kwa mkono mwingine bila hata kukaa. Safu zikarudi. Akabonyeza, mama mdogo kafika kutoka Morogoro. Akabonyeza, shemeji kafufuka. Akabonyeza, Mwenyekiti huyo, na sifuri yake, ile ile ya sufuria, maana Ctrl na Z inarudisha ulichofuta na ulichoficha, ila ukubwa wa maandishi haiugusi. Tukaitazama sifuri kwa mara ya pili. Dada akaniambia kwa upole kwamba alisomea uhasibu. Akaenda zake na chupa.

Usiku nikampigia mpwa. "Mjomba, hiyo niliyokufundisha ni ya kivinjari. Kwenye Excel, Ctrl na kutoa ni kufuta, na Ctrl na sifuri inaficha safu. Ukiwa umechagua mstari mzima, inaficha zote." Anasema kwa sauti ya kutangaza hali ya hewa. Kijana huyu wali wangu amekula miaka mitatu.

Mnaniambia niache kibodi, nitumie vidole kwenye ile pedi ya kupapasa. Nimejaribu. Ati vidole viwili ukivisogeza pamoja ukurasa unapanda, ukivitanua unakua. Vidole vyangu vimeshika jembe, havijui kwenda pamoja. Kila nikitaka kupanda, nakuza.

Barua ya mwaliko nayo niliiandika kwenye Word. Nikabonyeza Ctrl na kile kitufe cha kujumlisha bila Shift, kwa hiyo ikawa Ctrl na sawasawa, na kila nilichoandika kuanzia hapo kikadidimia chini ya mstari. "Familia inayo furaha", furaha iko matopeni.

Kwenye ramani ndiyo kabisa, huko hata Ctrl haiombwi. Nilizungusha gurudumu niteremke kidogo kutafuta ukumbi Mbezi, nikajikuta naitazama Bahari ya Hindi yote na Madagaska ikiwa imekaa kimya pembeni. Nikikuza narudi Mbezi, ila Mbezi ile nyingine.

Na mjukuu, siku moja tu niliyomwachia laptopu, alishika kitufe cha Windows na kujumlisha, kioo kizima kikavimba na kuanza kufuata mausi kila inakoenda kama mbuzi aliyeona majani. Nikaibeba mpaka kwa fundi. Fundi kabonyeza Windows na Esc, kikanywea, kadai elfu kumi. Nikamuuliza, kila kitufe elfu tano? Akasema, "Mzee, hulipii kubonyeza, unalipia kujua." Nililipa. Ningefanyaje, nirudi nayo imevimba?

Mke wangu anasema tatizo langu halijawahi kuwa Ctrl, ni miwani. Nilinunua! Mtaa wa Kongo, elfu tano, jamaa alinipima kwa kunisomesha pakiti ya biskuti. Nikiivaa naiona kibodi vizuri sana, ila kioo hakionekani. Nikiivua naona kioo, sioni ninapobonyeza. Na yenyewe tangu juzi sijui niliikalia wapi.

Mwenyekiti alituma laki mbili zake Jumatatu asubuhi, kabla hata ya chai. Hanisalimii.

Kuhusu kile kitumbua kilichoanzisha haya yote, nimerudi kukichukua nikakuta sisimizi wameshaunda kamati. Na huyu mama wa vitumbua naye nina neno lake. Mnakumbuka vilikuwaje, kimoja kinajaza kiganja? Kila mwezi anapunguza kidogo, anadhani hatuoni, sasa hivi viko kama kwenye 67. Jana nikamwambia, mama, mbona vimesinyaa hivi? Akanitazama, akageuza kitumbua kwenye kikaango.

"Baba, vaa miwani."