Presha ya wazee na mcharuko wa mwili: tusiruke hatua

Wazee wengi siku hizi wanaambiwa kwamba presha yao chanzo chake ni mcharuko mwilini, kwa hiyo wakiutuliza mcharuko, presha itashuka yenyewe. Nusu ya kwanza ina ushahidi. Nusu ya pili ndiyo inayonitia hofu.

Mcharuko ni kinga ya mwili inapopambana. Ukijikata kidole kinavimba, kinapata moto, kisha kinapoa. Uzeeni huja mwingine wa chinichini usiopoa, ambao Claudio Franceschi na wenzake wa Italia waliueleza mwaka 2000. Mafuta ya tumboni, sigara na fizi zenye ugonjwa huuchochea. Mishipa ya damu hukakamaa na figo hung'ang'ania chumvi, presha ikapanda.

Wanaoutetea uhusiano huu hawabahatishi. Mwaka 2003, watafiti wa Marekani waliofuatilia wanawake zaidi ya 20,000 wa miaka 45 na kuendelea waligundua kwamba wenye kiwango kikubwa cha CRP, protini inayoongezeka kwenye damu wakati wa mcharuko, walipata presha zaidi baadaye. Mwaka 2007, panya wasio na limfosaiti, yaani askari wa kinga, walipopewa homoni ya kupandisha presha, haikupanda sana. Waliporudishiwa seli T, aina mojawapo ya limfosaiti, ikapanda.

Lakini watu waliozaliwa na jeni zinazoongeza CRP hawaonekani kuwa na presha kubwa kuliko wengine. Huenda basi CRP ni moshi tu, si moto. Tena presha yenyewe huumiza mishipa na kuzua mcharuko, kwa hiyo njia inapitika pande zote mbili. Pigo kubwa zaidi ni jaribio la CANTOS la mwaka 2017, lililohusisha watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo. Dawa ya kuzima mcharuko ilipunguza mashambulizi mapya, lakini presha haikushuka.

Kwangu mimi, uhusiano upo, ila haujawa tiba. Na kuna jambo linalonigusa zaidi ya mabishano ya maabara: dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni hupunguza mcharuko, lakini hupandisha presha. Huifanya figo ishike chumvi na maji, na kudhoofisha dawa za presha kama losatani na enalapili.

Fikiria mama wa miaka 70 na kitu mwenye magoti mabovu. Losatani iko kabatini, anameza kila asubuhi. Diklofenaki iko kwenye pochi, kanunua duka la dawa bila cheti, anameza magoti yakikaza. Kliniki presha inasoma 170 kwa 95, anaongezewa dozi, na ile ya kwenye pochi hakuna aliyeiulizia. Hata parasetamoli, gramu moja mara nne kila siku, imeonekana kupandisha presha kwa wenye ugonjwa huo. Dawa ya maumivu ya kupaka huingia kidogo sana kwenye damu; daktari aulizwe kama inamfaa.

Manjano na tangawizi zinazosifiwa kutuliza mcharuko hazina ubaya kwenye mchuzi, ubaya ni kuacha dawa ya presha kama amlodipini kwa ajili ya viungo hivyo. Kupunguza tumbo, kuacha sigara, kutembea na kutibu fizi kunasaidia presha na mcharuko pia, lolote watakaloamua wanasayansi. Na kliniki zetu, kabla ya kuongeza dozi, zimuulize kila mzee: magoti yakiuma, unameza nini?