Ploti zimelala, watu wanatafuta pa kulima
Nimesoma habari yenu ya watu kuwaachia majirani viwanja vyao walime mboga na nimefurahi sana, mana hapa Malindi hiyo kitu tunaihitaji jamani. Ukipita upande wa Casuarina unaona majumba yamefungwa mwaka mzima, mwenyewe yuko Italia ama Nairobi, uwanja umejaa magugu, na nyuma tu ya ukuta kuna mama ananunua mchicha wa kila siku dukani.

Najua wenye ploti wanaogopa nini, wanasema ukimuingiza mtu hatoki. Uoga wao naelewa, sheria ya Kenya kweli inampa mtu nafasi ya kudai ardhi akikaa miaka 12, lakini hapo ni yule aliyekaa bila ruhusa ya mwenyewe! Ukimpa ruhusa kwa maandishi, mkaandika ni ya kulima tu na inaisha lini, mkasaini mbele ya mashahidi, hiyo karatasi ndio kinga yako.

Alafu mtu apande vitu vya muda mfupi, mchicha, kunde, mabenda. Minazi na miembe hapana kabisa, mti ndio unaleta kesi baadae. Na maji mkubaliane mapema nani analipa, visima vingi huku vina chumvi, onjeni kwanza kabla hamjamwaga mbegu. Mavuno mgawane mnavyoelewana, hata askari wa geti apewe fungu lake yeye ndio analinda.

Wenye ploti mnaosoma hapa tunawaomba, mvua za masika zisipite bure tena.