Fedha hazijashuka: kinga ya nia njema katika malezi ya watu wenye ulemavu

Katika ofisi za ustawi wa jamii, iwe Kasulu au Kigoma mjini, magharibi mwa Tanzania, jibu linalokuja haraka kuliko yote ni kwamba fedha hazijashuka. Mara nyingi ni jibu la kweli. Kinachobishaniwa ni iwapo ukweli huo unatosha kumkinga afisa mahakamani pale mtu mwenye ulemavu aliye chini ya uangalizi wake anapoumia.

Mahakama ya Juu ya Marekani ililikabili jambo hilo mwaka 1982, katika shauri la Youngberg dhidi ya Romeo. Nicholas Romeo, mtu mzima mwenye ulemavu mkubwa wa akili aliyetunzwa Pennhurst, kituo cha serikali ya jimbo la Pennsylvania, alidaiwa kuumia si chini ya mara 63 katika muda usiofika miaka miwili na nusu, na mama yake akawashtaki wasimamizi wenyewe. Mahakama ilitamka kwamba mtu kama huyo ana haki ya kuwa salama na ya kutofungwa viungo pasipo sababu ya msingi. Papo hapo ikaongeza kwamba uamuzi wa mtaalamu uhesabiwe kuwa sahihi mpaka ithibitike kuwa alizipa kisogo kanuni za taaluma yake, na kwamba asidaiwe fidia yeye binafsi ikiwa kilichomkwamisha ni ufinyu wa bajeti: hapo hukingwa na nia yake njema.

Hoja hiyo ya bajeti haidharauliki. Mfikirie matroni aliye peke yake usiku, na tochi moja, katika bweni la watoto arobaini: huku mmoja ameshikwa na kifafa, kule mwingine asiyeona anapapasa ukuta akitafuta mlango wa choo. Akiambiwa kwamba mtoto akivunjika mkono nyumba yake itapigwa mnada, kazi hiyo ataifanya nani?

Hata hivyo, Romeo alikuwa na mama wa kuyahesabu majeraha yake. Huko Kabanga, wilayani Kasulu, watoto wenye ualbino walipelekwa kulelewa kituoni kufuatia mauaji ya miaka ya 2007 na 2008, na wapo waliokaa muda mrefu mno bila kumwona mzazi. Kwa mtoto wa namna hiyo, umbali peke yake ni kinga tosha kwa msimamizi mzembe, hata kabla sheria haijafunguliwa. Mzazi akijitokeza, anayetaka kuishtaki Serikali hutakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90, kisha afungue shauri Mahakama Kuu. Nauli na wakili ni juu yake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataja haki nyingi, ila haimlipii nauli.

Kwa maoni yangu, kinga ibaki, lakini isitolewe kwa neno la mdomo. Nia njema kila mtu anayo akishashtakiwa. Msimamizi aonyeshe daftari la matukio, na barua yake ya kuomba mlezi wa pili wa usiku, yenye muhuri wa kupokelewa. Yapo madai kwamba utaratibu huo utazaa barua nyingi kuliko magodoro, na huenda ikawa hivyo. Lakini muhuri ule una tarehe, na tarehe hiyo humwondoa matroni kizimbani ikamwita aliyeipokea barua, aeleze kwa nini ilikaa mezani kwake miezi sita.