Saini ya Armstrong na Maka Peni ya Fundi

Wiki niliyonunua saini ya Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga Mwezi, paa la jiko letu lilikuwa linavuja. Nalitaja mapema kwa sababu mke wangu hulitaja kila siku.

Picha yenyewe ni ile rasmi ya 1969: Armstrong na suti yake nyeupe ya anga, nyuma yake Mwezi mkubwa. Kifuani palikuwa na saini ya wino uliofifia. Sasa, mtu huyu aliacha kusaini mwaka 1994 alipoona wanaomwomba wanakwenda kuuza, na mwaka 2012 akafariki. Saini yake ya kweli huuzwa kwa maelfu ya dola. Mimi niliipata mtandaoni kwa shilingi laki tano za Uganda, nikajiona mjanja kuliko Wamarekani wote.

Nikaipeleka kwa fundi wa fremu hapa Busia, karibu na wabadilisha fedha wa mpakani. Nikamwambia, "Fundi, weka kioo tu." Nikaenda zangu kufundisha fizikia.

Jioni nikamkuta anatabasamu. Saini ilikuwa nyeusi tii, nono, inang'aa.

"Mwalimu, jina lilikuwa linapotea. Nimekukolezea kwa maka peni. Na ile t nimeiongezea mstari, ilikuwa haionekani vizuri. Anagombea wapi huyu?"

Simlaumu kwa hilo la kugombea. Ukutani kwake kulikuwa na wagombea wanne, wote wamekaa mkao uleule wa Armstrong, kasoro suti.

Nilichomoa kioo, nikalamba kidole gumba, nikafuta. Wino ulikuwa mbichi bado. Ukapanda kutoka kifuani hadi kidevuni, na kamanda wa Apollo 11 akaota ndevu mbele ya macho yangu.

Usiku sikulala. Nilimtumia rafiki yangu wa Nairobi, mkusanyaji wa siku nyingi, picha niliyopiga kwa simu kabla ya msiba. Nilitarajia pole. Akanijibu: "Hiyo ni ya mashine, ndugu yangu." Kumbe miaka ya 1960 barua za mashabiki zilikuwa nyingi mno, NASA, shirika la anga la Marekani, ikatumia otopeni, mashine inayoshika kalamu na kufuata umbo la saini lililoandaliwa. Binadamu hawezi kusaini mara mbili zikalingana kabisa. Mashine haiwezi kufanya vinginevyo. Akanitumia mfano wa saini ya mashine hiyo.

Mwalimu wa fizikia haamini hadi ajaribu. Asubuhi nikatoa nakala zote mbili, ya mfano na ya picha yangu ya kwenye simu, kwa kipimo kimoja. Nikazibandika moja juu ya nyingine kwenye dirisha la darasa, jua likipenya. N juu ya N. Mkia juu ya mkia. Hakuna hata unywele uliotoka nje.

Nikarudi kwa fundi kumwambia asijisumbue tena kuniomba radhi (hakuwa ameomba). Alisikiliza hadithi yote huku akipiga misumari, kisha akaweka nyundo chini.

"Kwa hiyo, mwalimu, kwenye picha hii nzima, kilichoandikwa kwa mkono wa mtu ni changu peke yake?"

"Ndiyo."

"Basi nilikutoza kidogo."

Nimemwongeza elfu tano.