Hakukuwa na Bango

Kwanza nisahihishe uzushi. Yule rafiki yangu wa bodaboda anayeegesha pale kona ameshawaambia nusu ya Ngamiani kwamba nimemtukana mama mkwe wangu kwenye bango. Hakukuwa na bango. Kilikuwa kioo cha kompyuta. Na yeye mwenyewe hakuwepo, alifika watu wakiwa wanacheka tayari. Kaeni niwasimulie mimi, halafu mcheke mkiwa na habari kamili.

Steshenari yangu mnaijua. Kopi, kadi za harusi, barua za kuomba kazi. Kompyuta yenyewe mnaijua pia, ile inayolia kama cherehani. Ilikuwa na Windows 10, Oktoba 14, 2025 Microsoft wakaikatia msaada, na Windows 11 ikaikataa mashine yangu, eti imezeeka. Ninunue nyingine, kwa kopi za shilingi mia?

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, anasoma chuo Dar, akanambia, "Kaka weka Ubuntu badala ya Windows, ni bure." Jina likanikaa vizuri. Ni neno la wenzetu wa kusini, ndugu yake "utu", na aliyeianzisha mwaka 2004 ni mtu wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth. Nikajisemea hiki kitu cha nyumbani. Nikanunua bando la usiku, nikapakua toleo la 24.04, karibu GB 6, nikaliweka kwenye flashi. Kijana akanisisitiza: kabla hujafuta chochote, washa kompyuta kwa hiyo flashi uijaribu kwanza, inakwenda bila kugusa diski, uangalie sauti, printa, Wi-Fi. Nikamwambia nimekuelewa.

Sikujaribu. Nikabofya futa diski yote nikaenda kula mihogo.

Printa ikakubali yenyewe bila hata kuombwa, nikatamba siku nzima. Wi-Fi ndiyo ikanuna.

Sasa siku ya tukio. Saa nane mchana, wanafunzi sita wa darasa la tano wamekuja kuchukua karatasi za mitihani ambazo mwalimu wao ametuma kwa barua pepe. Kuna baba mmoja na baiskeli yake, anataka kopi ya kitambulisho. Na kwenye benchi, na kikapu cha machungwa ya Muheza miguuni, amekaa mama mkwe wangu. Amekuja nimchapie barua ya kikoba chao. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, malizana na watoto kwanza, mimi sina haraka." Mnaona alivyo mstaarabu? Hilo ndilo linaloniuma.

Simu kubwa nikaichomeka kwa waya wa USB kompyuta inywe bando humo. Kitochi nikakiweka laudispika, nikampigia kijana.

"Kaka, imeandika nini?"

"Kiingereza."

"Kiingereza gani? Nisomee chote, hata usichokielewa. Mimi huku nakuona kwa masikio tu."

Nikasoma jasho likinitoka. Akanifungulisha lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika alichonitajia, nikamsomea majibu, akajua kadi ya Wi-Fi ni ipi. "Haina dreva, ile programu ya kuiendesha. Tunaiweka sasa hivi. Anza na sudo, acha nafasi..." Nikaandika "zudo". Tukarudia. Nikabonyeza Enta, ikaomba paswedi.

Nikaandika paswedi. Hakuna kitu. Si herufi, si nyota, si nukta. Kile kialama kinapepesa palepale kama mtu anayekutazama bila kukujibu salamu. Nikajua kibodi imekufa, nikabonyeza Enta katikati ya neno. Ikaniambia samahani, jaribu tena. Nikagonga kwa nguvu zaidi. Samahani, jaribu tena. Ya tatu ikakata tamaa yenyewe.

"Kibodi imekufa," nikamwambia kijana.

"Haijafa. Labda imegeuza herufi. Fungua programu ya kawaida ya kuandika, iandike paswedi yako humo tuone inatoka nini."

Hapa lazima niwaambie mambo mawili. La kwanza, kioo changu kinawatazama wateja. Nilikigeuza makusudi, tangu siku niliyochapa kadi 200 za harusi zenye jina la bibi harusi mwingine. Siku hizi mteja asome mwenyewe kabla sijachapa. Na maandishi nimeyakuza, kwa ajili ya wazee.

La pili ni paswedi. Niliitunga mwaka juzi nikiwa na hasira zangu, na nilipoweka Ubuntu nikaitumia ileile. Ni kitu cha siri! Nani angeiona?

Basi nikaandika. Niko makini kweli, macho kwenye kibodi, kidole kimoja kimoja, kila herufi naisindikiza. Nilipoinua macho ilikuwa imejaa kioo kizima, nyeusi juu ya nyeupe:

mamamkwemnoko14

Nikapeleka mkono kwenye kitufe cha kufuta. Mkono ukaenda kwenye kipanya. Kwa nini? Mimi na mkono wangu bado hatujaongea kuhusu hilo.

"Imeandika?" kitochi kikauliza.

"Imeandika."

"Herufi zote zipo sahihi?"

"Zipo."

"Hebu isome nihakikishe."

Nikanyamaza. Lakini watoto wa darasa la tano ukisema "soma" hawaulizi ameambiwa nani. Wakaanza kwa pamoja, kwa ile sauti ya darasani: "Ma! Ma! M! Kwe!" Wakapumzika. Jamani, walipumzika! Nikadhani Mungu amenisitiri. Mmoja, yule mdogo kuliko wote, akamalizia peke yake kwa furaha: "Mnoko!"

Yule baba akaanza kuikagua baiskeli yake mnyororo.

Mimi niligeuka polepole sana. Mama alikuwa amevaa miwani. Alikuwa anasoma. Midomo ikicheza kidogo, kama anayehakiki barua yake. Akaivua, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena, akasoma upya.

"Na hiyo kumi na nne ni nini, baba?"

Nyie mtajua, yeye hakutakiwa kujua: mwaka juzi alikuja kwetu kwa siku mbili, akakaa kumi na nne.

"Ni... kompyuta, mama. Inataka na namba. Kwa usalama."

Akaangalia kioo. Akaniangalia mimi.

"Zilikuwa kumi na sita."

Kijana wa watu huko Dar haoni chochote, anaendelea kunifundisha kwa laudispika: "Basi kibodi nzima, kaka. Kwenye lile dirisha jeusi paswedi huwa haionekani, andika tu mpaka mwisho halafu Enta. Wamefanya hivyo ili aliye nyuma yako asijue hata ina herufi ngapi."

Asante sana, mdogo wangu. Ungeanza na hilo.

Wi-Fi ilishika dakika tano baadaye. Watoto wakapata karatasi zao, mke wangu akapata taarifa kabla sijafunga duka, machungwa yalirudi Muheza, mimi nililala sebuleni siku tatu, na msiniulize kuhusu kikao cha Ijumaa.

Jana asubuhi mama akarudi. Barua ya kikoba ilikuwa bado. Nikawasha kompyuta, ikaomba paswedi ya kuingilia, vidole vikaganda. Mama akainuka, akalishika benchi, akaligeuza mpaka likaelekea barabarani, akakaa akinipa mgongo.

"Andika, baba. Sikuangalii."