Mhalifu Naye Huzeeka

Hakimu anapotamka kifungo cha miaka 40, anamhukumu kijana aliyesimama kizimbani. Atakayetumikia sehemu kubwa ya miaka hiyo ni mtu mwingine kabisa: kwanza mtu wa makamo, kisha mzee mwenye mvi anayetembea kwa kushika ukuta. Jambo hili limenisumbua kwa muda mrefu.

Mwaka 1831, mtaalamu wa takwimu kutoka Ubelgiji, Adolphe Quetelet, alichapisha alichokiona katika kumbukumbu za mahakama za Ufaransa. Mwelekeo wa kutenda uhalifu ulipanda katika ujana, ukafika kilele karibu na umri wa miaka 25, kisha ukashuka hadi uzeeni. Tangu hapo mwenendo huo wa kupanda na kushuka umeonekana tena na tena katika nchi nyingi, kwa wanaume na kwa wanawake, ingawa wanawake ni wachache zaidi kila umri. Wizi hufika kilele mapema, ukatili wa mwili huchelewa kidogo. Ubadhirifu una umri wake, maana huwezi kufuja hazina ambayo hujakabidhiwa funguo zake.

Wazee husema damu ya ujana inachemka, na sayansi haiko mbali nao. Hamu ya msisimko huamka wakati wa balehe, ilhali sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayompa mtu breki, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Ongeza marafiki wa rika. Kijana akiwa kundini huthubutu mambo ambayo peke yake asingeyagusa, na ndiyo maana makosa mengi ya umri huo hufanywa kwa makundi.

Hapo ndipo ninapokorofishana na methali tunayoipenda sana: samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli kwa malezi. Lakini tunaigeuza kuwa hukumu, kana kwamba aliyepinda akiwa na miaka 15 amekauka hivyo hivyo. Wanaoamini hivyo wana ushahidi wa kuonyesha. Mtafiti wa uhalifu Marvin Wolfgang na wenzake walifuatilia wavulana 9,945 waliozaliwa mwaka 1945 na kukulia Philadelphia, Marekani, wakakuta asilimia 6 tu kati yao walihusika na zaidi ya nusu ya makosa yote. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Terrie Moffitt naye akaeleza makundi mawili: wengi ambao uhalifu wao huanza na kuisha na ujana, na wachache wanaoanza utotoni na kuendelea ukubwani. Kishawishi kinaeleweka: tuwatambue hao wachache mapema, tuwafungie.

Ila utafiti ninaourudia kila mara ni ule wa Boston, Marekani. Watafiti Sheldon na Eleanor Glueck walikusanya habari za wavulana 500 waliokuwa katika shule za marekebisho, wote wakorofi waliothibitika. Miongo kadhaa baadaye mafaili yao yalikuwa yamesahaulika kwenye maboksi katika chumba cha chini cha Chuo Kikuu cha Harvard. Watafiti wa uhalifu Robert Sampson na John Laub wakayafufua, kisha wakawatafuta wanaume hao wakiwa tayari ni wazee, wakifuata rekodi zao hadi umri wa miaka 70. Uhalifu ulipungua kwa makundi yote, hata kwa wale ambao kila dalili ya utotoni ilisema hawatabadilika. Dalili hizo zilishindwa kubashiri nani angeacha na lini. Waliopata mke waliyemthamini, kazi ya kudumu, jeshi au makazi mapya mbali na wenzao wa zamani, mara nyingi ndipo walipogeuka. Wengine hawakuapa wala kutubu hadharani, walijikuta tu asubuhi wana mahali pa kwenda na jioni wana anayewasubiri.

Sasa fikiria gereza linafanya nini. Linamchukua mtu katika miaka ile ile ambayo angeoa, angeajiriwa, angehama, na kumnyima vyote hivyo akiwa amezungukwa na wahalifu wenzake.

Simsahau aliyeumizwa. Aliyeuawa hazeeki, na familia yake haidaiwi msamaha na mtu yeyote. Adhabu ni haki yao. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba mzee wa miaka 65 anabaki ndani kwa ajili ya usalama wetu, wakati takwimu za karibu karne mbili zinasema kinyume. Kila kifungo kirefu kiwe na siku ya kumtazama upya mtu aliyeko ndani, kwa lazima ya sheria, badala ya kungoja huruma ya kiongozi.

Henry Montgomery alimuua naibu wa sherifu, yaani afisa wa polisi wa eneo, huko Louisiana, Marekani, mwaka 1963, akiwa na miaka 17. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi yenye jina lake, iliamua kwamba waliofungwa maisha bila njia ya kutoka, kwa adhabu iliyolazimishwa na sheria, kwa makosa waliyotenda wakiwa watoto, wapewe nafasi ya kusikilizwa upya. Bodi ya paroli, inayoamua nani aachiwe kwa masharti kabla ya kifungo kuisha, ilimkatalia mara mbili. Alitoka Novemba 2021, akiwa na miaka 75.